Inua Kichwa, Baba!

Mwezi huu nilipanga tuzungumze kuhusu michango ya harusi, maana najua kadi zimekuwa kibao na mifuko imetoboka. Naomba radhi, hiyo tunaiweka toleo lijalo. Leo nataka kukusimulia habari ya mpira wa miguu. Na wewe dada usiyejali mpira, tafadhali usifunue ukurasa mwengine! Kisa hiki kinaanzia uwanjani lakini kinamalizikia nyumbani kwangu, na nikwambie ukweli tu, humo sikutoka na sura nzuri.

Nina mtoto wa kiume wa miaka 9. Mtoto huyu ana mguu, jamani, na sisemi hivyo kwa kuwa ni wangu! Pale kwetu Kiembesamaki tuna ua uliozungushiwa ukuta. Kila jioni nilikuwa nampangia chupa 10 za maji nilizozijaza mchanga, moja hapa moja pale, naye anazipita zote na mpira mguuni bila kuangusha hata moja. Namhesabia kwa simu. Alianza kwa sekunde 23, akafika 14. Nikawaonyesha video jamaa wa ofisini, mmoja akasema, "Huyu Fei Toto mwengine huyu." Basi kichwa kikavimba, mwenzangu!

Kwa usiyemjua, Fei Toto ni Feisal Salum, kiungo wa hapa kwetu Zanzibar aliyetoka JKU kwenda Yanga mwaka 2018, kisha akahamia Azam mwaka 2023. Nusu ya watoto wa Unguja wanaota kuwa yeye. Agosti 2025, mechi za CHAN zilipochezwa Amaan, nilimpeleka mwanangu akashuhudie, na usiku ule alilala na mpira kitandani. Wiki iliyofuata nikamwandikisha kwenye kikundi cha watoto wanaofanya mazoezi viwanja vya Mnazi Mmoja baada ya alasiri.

Chupa haikufuati

Mechi yake ya kwanza walicheza saba kwa saba. Mwanangu akapata mpira, akainamisha kichwa, akampita mtoto wa kwanza, akampita wa pili. Wa tatu alikuwa amesimama tu anamsubiri. Akauchukua mpira kama mtu anayepokea chenji dukani. Kulia kwake mwenzake alikuwa peke yake, anapunga mikono kama anaita daladala, na wala hakumwona. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu vilevile.

Mimi je? Nilikuwa pembeni ya uwanja mishipa ya shingo imenisimama. "Kulia! Toa! Piga chenga! Rudi! Pigaaa!" Kina mama waliokaa na watoto wao wakahama kidogo kidogo kutoka nilipo.

Wiki ya tatu likatokea la kutokea. Mwanangu anakuja na mpira kichwa chini, mwenzake anaukimbilia mpira uleule, naye kichwa chini. Paji kwa paji! Mwenzake alitoka na nundu, wangu nyuzi 3 juu ya nyusi. Ndani ya gari, ameshikilia taulo, akaniambia kwa sauti ndogo, "Baba, sitaki tena mpira."

Usiku ule mezani nikatoa hotuba. Mwanamume hakimbii kwa nyuzi 3, sijui nini na nini. Mke wangu alikuwa anakusanya sahani. Akasema, bila hata kunitazama, "Mwache mtoto apumzike. Anakwenda kichwa chini kama baba yake."

Wewe! Nilihesabu hilo ni tusi. Siku mbili nzima nyumba ikawa na maneno mawili tu: "Chakula tayari" na "Ahsante." Wenye ndoa mnanielewa.

Jumamosi nikaenda Mnazi Mmoja peke yangu kurudisha jezi. Kocha wao ni mtu mzima, mchana anauza vipuri vya magari, jioni anafundisha watoto. Hakuipokea. "Jezi atairudisha mwenyewe mwenye nayo," akasema. "Kaa hapa. Nyumbani mtoto anafanyia wapi mazoezi?"

Nikamweleza habari ya chupa, na sekunde 14 nikazitaja kwa mbwembwe. Akacheka mpaka akashika kiuno.

"Chupa haikufuati, yakhe. Chupa ukishaiweka imekaa. Umemfundisha mtoto kwamba dunia yote imesimama, anayekwenda ni yeye peke yake." Kisha akaniuliza, "Wewe umekulia wapi?"

Nikamjibu, Mkunazini, Mji Mkongwe.

"Basi umeshasahau?"

Ndugu msomaji, sikuwa nimesahau, ila sikuwahi kufikiri. Sisi watoto wa mjini tulicheza kwenye vichochoro. Mpira wa soksi na makaratasi, na kichochoro ambacho watu wawili wanene hawapishani. Unakokota mpira huku nyuma inakuja vespa. Mbele hamali na gari lake la magunia anapiga kelele apishwe. Kushoto kuna baraza la mawe linalosubiri goti lako. Kulia bibi mmoja ametoka na sinia la vileja, na ole wako ulimwage, maana kabla ya magharibi mama yako ameshapata habari. Halafu kundi la watalii, wao wanaangalia juu kwenye milango na madirisha, hawakuoni. Aliyetazama mpira tu alirudi nyumbani anavuja damu. Kwa hiyo tulijifunza kuachia mguu ushughulike na mpira na macho yashughulike na njia, na hapakuwa na mtu aliyetufundisha.

Leo wengi wetu tumehamia Kiembesamaki, Mbweni, Fuoni. Tumejenga ukuta, tumefunga geti, mtoto yuko salama. Usalama huo siujutii. Ila kile ambacho kichochoro kilikuwa kinafundisha bure, sasa lazima mtu akae chini akifundishe.

Kuiba jicho

Kocha alinieleza jambo jepesi ambalo sikuwahi kulisikia kwenye televisheni na wachambuzi wao wote. Mpira ukishaguswa, haubadilishi njia yake mpaka uguswe tena. Baina ya mguso na mguso kuna nafasi, ndogo lakini ipo. Watoto wengi wanaitumia nafasi hiyo kuukodolea macho mpira, kana kwamba utachukuliwa na jini. Anachofundisha yeye ni kuitumia kuinua kichwa mara moja na kukirudisha. Yeye anaita "kuiba jicho". Kwenye watu wengi, mguso uwe mdogo na mpira ukae karibu na mguu. Kwenye uwazi, mguso uwe mrefu, maana mguso mrefu unakupa muda mrefu wa kuangalia.

Kisha akaniambia nikae nitazame. Zoezi la kwanza wanaliita Darajani. Watoto 12 ndani ya mraba wa hatua 15 kwa 15, kila mmoja na mpira wake, wote wanakwenda wanakotaka, na hapana ruhusa kugongana. Ni msongamano kweli, kama Darajani siku mbili kabla ya Idi!

La pili ni la vidole. Wakiwa humohumo ndani, kocha anazunguka nje na kuinua vidole kimya kimya. Lazima wapaze sauti kutaja idadi huku mpira unakwenda. Leo yuko mbele, kesho nyuma yao, kwa hiyo shingo haipumziki.

La tatu ni milango minne. Hapo ndipo koni zake zinatoka kwenye mfuko, mbili mbili, zinakuwa milango kila upande. Watoto wawili wasio na mpira ni askari, wanahama kuziba mlango huu na ule. Mwenye mpira anatafuta mlango ulio wazi, na ulio wazi sasa hivi, ukichelewa kidogo umeshafungwa.

La mwisho kila mmoja analinda mpira wake na hapohapo anajaribu kuupiga wa mwenzake utoke nje ya mraba. Hili watoto wanalipenda kupita kiasi. Ukiangalia chako tu, wa pembeni anakutoa.

Nikasema, mbona rahisi. Nilikosea sana kusema hivyo. Kocha akanivulisha viatu vya ofisini, akanipa mpira, akaniingiza Darajani na watoto 12. "Vidole vingapi?" Nikainua kichwa, mpira ukaenda zake. Nikaufuata mpira, nikamkumba mtoto. "Vidole vingapi, mzee?" Nikasema vitatu. Hakuwa ameinua hata kimoja! Watoto walicheka mpaka wengine wakalala chini. Mtu mzima mwenye shahada!

Kwenye kundi lile kuna binti mmoja, namkadiria miaka 10. Hana mbio sana na hana mbwembwe, hapigi tobo wala kanzu. Lakini kwenye zoezi la vidole hakosei, na kwenye Darajani hajaguswa. Nikamuuliza kocha siri yake. Akanionyesha pembeni ya uwanja, chini ya mti, mtoto mdogo wa miaka mitatu hivi anachezea kandambili. "Mdogo wake. Anakuja naye kila siku, ndiyo sharti alilopewa nyumbani. Kila baada ya muda kidogo lazima ahakikishe yuko pale. Huyo mimi sikumfundisha kuinua kichwa, alikuja nacho kimeshainuka."

Nilinyamaza. Nilikuwa nimemkumbuka mtu mmoja nyumbani kwangu, lakini nitafika huko.

Kwa wale mnaotaka mambo ya kitaalamu, hili limepimwa. Mwaka 2013 mtafiti wa Norway, Geir Jordet, na wenzake walitoa matokeo yao kuhusu wachezaji 118 wa Ligi Kuu ya Uingereza. Walihesabu mchezaji anageuza uso mara ngapi kuangalia pembeni na nyuma kabla mpira haujamfikia. Waliokuwa wakiangalia mara nyingi zaidi ndio pasi zao zilizokuwa zikifika zaidi, na miongoni mwa vinara walikuwemo Frank Lampard na Steven Gerrard. Siku nyingine ukiwa kwenye televisheni, acha mpira. Mtazame kiungo mmoja tu, shingo yake, kabla hajapewa pasi. Utaona mchezo mwengine kabisa.

Kumbe mimi ndiye kelele

Sasa kuna sharti moja la kocha ambalo liliniuma. Katika dakika 20 za mchezo wa mwisho, mzazi hasemi. Hashauri, hashangilii, hasemi hata "aah!" Nikamuuliza kwa nini, akanijibu:

"Ukimpigia kelele anacheza kwa masikio. Ataangalia ya nini, na macho yako yanamwonea? Kisha siku moja hupo, anakuwa kipofu."

Mpenzi msomaji, mimi nimesomea mawasiliano chuo kikuu. Mwaka wa kwanza kabisa tulifundishwa mfano wa Shannon na Weaver wa miaka ya 1940: kuna mtumaji, kuna ujumbe, kuna njia, kuna mpokeaji, na kuna kelele inayoharibu safari yote. Nilipata alama nzuri tu katika somo lile. Na wiki zote zile pembeni ya uwanja nilijihesabu kuwa ni mtumaji. Kumbe nilikuwa kelele!

Badala ya kuamrisha, yeye anauliza. Mtoto akipoteza mpira hamwambii "ungetoa kulia." Anamuuliza, "Umeona nini?" Mtoto akijibu "sijaona kitu", basi anajua tatizo liko machoni, mguu hauna kosa.

Nikarudi nyumbani na swali hilo mdomoni. Mtoto amelala, mke wangu anasahihisha madaftari. Yeye ni mwalimu wa skuli ya msingi. Nikakaa mbele yake, simu nikaiacha chumbani, nikamuuliza, "Hebu niambie. Kuna kitu gani nimekipita bila kukiona?"

Alinitazama muda mrefu, nadhani alikuwa anapima kama ninatania. Kisha akainuka, akafungua droo, akaniwekea karatasi mezani. Ilikuwa fomu ya mafunzo ya miezi sita Dar es Salaam, mafunzo ambayo yangempandisha daraja kazini. Ilikuwa imejazwa nusu. Palipobaki wazi ni yale yaliyohitaji tukubaliane: nani atabaki na mtoto, nani atampeleka skuli, pesa zitagawanywa vipi. Tarehe ya mwisho ilikuwa imepita siku 9.

"Mbona hukuniambia?" nikauliza.

"Nimekwambia mara tatu. Mara mbili ulisema tutaongea. Mara ya tatu ulisema vizuri."

Siikumbuki hata moja. Ilikuwa wiki ya kufunga gazeti, na mimi wiki hiyo nakuwa na laptopu mapajani mpaka saa 7 usiku. Gazeti ndio mpira wangu. Naukokota vizuri sana, naupitisha baina ya chupa zote kwa sekunde 14. Na pembeni yangu kulikuwa na mtu anapunga mkono, peke yake, muda wote.

Hakulia, wala hakunilaumu. Alirudi kwenye madaftari yake, na hilo ndilo lililonichoma. Nikamkumbuka yule binti na mdogo wake chini ya mti. Nyumbani kwetu, anayejua gesi imebaki kiasi gani, anayejua mama yangu ana miadi ya hospitali Jumanne, anayejua mtoto ameanza kuogopa mpira hata kabla ya zile nyuzi, ni mtu mmoja. Na mtu huyo akikazana kuwaangalia wote, nani anamwangalia yeye?

Ya kufanyia kazi

Kabla sijakuaga, haya ni machache niliyoyaokota kwa kocha. Wenye watoto wanaocheza, wavulana kwa wasichana, yakateni muweke kwenye friji:

1. Mtoto azoeane na mpira kwanza. Ambaye mguu bado haujaujua mpira, ukimwambia inua kichwa unamtesa. Mwache auguse kwa nyayo, kwa ndani na kwa nje ya mguu, taratibu, mpaka auhisi bila kuutazama.

2. Chupa na koni ni za kujifunzia mguso. Zikishazoeleka, weka watu. Ndugu, watoto wa jirani, hata wewe mwenyewe utembeetembee mbele yake uani.

3. Inua vidole. Huna haja ya vifaa. Mtoto anakuja na mpira, wewe unabadilisha idadi, yeye anataja.

4. Mfundishe kuangalia mabega yote mawili kabla mpira haujamfikia. Akishaupokea ndipo aanze kutafuta, ameshachelewa.

5. Tarajia atapoteza mipira mingi zaidi wiki za mwanzo. Mimi nilidhani mtoto amerudi nyuma. Kocha akaniambia ni kawaida, kichwa na mguu vinajifunza kugawana kazi. Usimwonyeshe sura ya msiba.

6. Funga mdomo dakika 20. Kisha kwenye gari uliza, "Umeona nini leo?" na usikilize jibu mpaka mwisho.

Mwanangu alirudi uwanjani baada ya wiki mbili. Hakurudi kwa hotuba yangu, msidanganyike. Kocha alimwita aje amsaidie kuinua vidole, akainua siku mbili, siku ya tatu akaomba mpira mwenyewe. Jumamosi iliyopita nilikwenda na mke wangu kumtazama, tukakaa kwenye nyasi. Akapata mpira katikati. Akagusa, akainua kichwa. Akagusa tena, akainua. Kulia mwenzake amekaa peke yake, naye akampa pasi fupi tu ya kawaida, wala hakuna aliyepiga makofi. Mwenzake akapiga nje! Hapana bao, hapana shangwe. Mimi nilikuwa nimejiziba mdomo kwa mkono. Mwanangu akageuka kutazama pembeni, akanitafuta mpaka akaniona, akacheka.

Ile fomu? Nafasi ya mwaka huu imekwenda, na siwezi kuirudisha. Mke wangu ameshachukua fomu ya mwaka ujao. Safari hii sehemu yangu nimeijaza mwenyewe, kwa mkono wangu: skuli nitampeleka mimi, mazoezi nitampeleka mimi, chakula cha usiku tutakula tutakachokula. Ipo mlangoni mwa friji, naiona kila nikienda kunywa maji. Yeye ameisoma akasema, "Tutaona." Na kusema kweli, ana haki ya kusema hivyo.

Nakutakia mwezi mwema, wewe na umpendaye. Leo ukirudi nyumbani, kabla ya kuwasha televisheni, muulize mwenzio lile swali langu. Jibu unaweza usilipende. Tukutane toleo lijalo na ile michango ya harusi, inshallah.